Pampu ya Kisima: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Katika vijiji vingi vya Uganda maji ya kunywa hutoka katika kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na juu yake imesimamishwa pampu ya mkono. Pampu hiyo ni mali ya watu wote, na kwa kuwa ni mali ya wote, mara nyingi hakuna hata mmoja aijuaye hali yake. Ikisimama watu hushangaa kana kwamba imekufa ghafula. Akina mama na watoto hurudi kwenye vinamasi vya mafunjo kuchota maji pamoja na ng'ombe, na baada ya majuma machache twasikia habari za kuhara na homa ya matumbo. Ndipo mkutano unapoitwa, fedha zinachangwa, na swali linaulizwa: je, pampu hii itengenezwe, au tununue nyingine?

Mimi si fundi. Ni mwanafunzi wa darasa la mwisho, lakini kwa likizo tatu nimemfuata fundi wa pampu wa kwetu Teso, nikimbebea spana zake na kuvuta mabomba pamoja na vijana wengine. Mengine tumeyapima hapa shuleni kwa hesabu za fizikia. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu, na zaidi kwa ajili ya ninyi kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni, maana najua ilivyo desturi: kijana akirudi kijijini na cheti chake, wazee humtia katika kamati ya maji siku ile ile, kwa sababu amesoma.

Kwanza yafaa tuijue pampu yenyewe. Iliyo ya kawaida katika nchi yetu huitwa U2, nayo ni ndugu wa pampu ya India Mark II iliyotungwa huko India katika miaka ya 1970, serikali ya nchi hiyo ikisaidiwa na UNICEF. Kabla yake watu wa India walitumia pampu za chuma cha kusubu zilizoigwa kutoka mashamba ya Ulaya na Marekani. Pampu hizo zilikuwa njema kwa nyumba moja yenye mke, mume na watoto, lakini zilipowekwa katikati ya kijiji na kupigwa tangu alfajiri hata usiku, zilivunjika upesi. Ile mpya ilifanywa kwa kazi ya watu mamia.

Kile tukionacho juu ya ardhi, yaani kichwa na mpini, ni sehemu ndogo tu. Ndani ya kichwa upo mnyororo mfupi unaoshika fito za chuma, na fito hizo hushuka kisimani ndani ya mabomba, kila bomba likiwa na urefu wa mita 3. Mwisho wa mabomba, chini ya maji, ipo silinda yenye pistoni. Pistoni imevikwa washa, yaani vikombe vidogo vya mpira ambavyo zamani vilikuwa vya ngozi. Mpini ukishushwa, pistoni hupanda na kuyainua maji yaliyo juu yake, na wakati huo huo vali ya chini hufunguka na kuingiza maji mengine. Mpini ukiinuliwa, fito hushuka kwa uzito wake zenyewe, maana mnyororo hauwezi kusukuma, waweza kuvuta tu; vali ya chini hujifunga, na maji hupita katikati ya pistoni kwenda juu. Mtu akilielewa jambo hili moja, dalili zote nitakazozitaja hazitamsumbua.

Sasa hesabu. Silinda ya U2 ina kipenyo cha milimita 63.5, na pigo moja kamili huipandisha pistoni milimita 125. Yeyote aliyejifunza eneo la duara ataona kwamba pigo moja hutoa sentimita za ujazo 396, yaani lita 0.4 kasoro kidogo. Basi dumu la lita 20 hujaa kwa mapigo 50 na kitu. Pampu nzima iliyofungwa vizuri haitapita mapigo 55. Ukihesabu 80, jua kwamba zaidi ya theluthi moja ya nguvu za mpigaji inapotea bure. Angalia tu kwamba mapigo yawe kamili, mpini ushuke mpaka ugote na upande mpaka ugote, maana watoto wana tabia ya kupiga mapigo mafupi ya haraka, na hesabu yao haifai kitu.

Lakini hesabu ya dumu haitoshi peke yake, kwani haisemi ugonjwa uko wapi. Hapa ndipo kamati nyingi hupotea. Wakiona maji yamepungua husema, "Pampu imezeeka." Fundi wetu, ambaye sisi vijana twamwita Mzee ijapokuwa hajafika miaka hamsini, hakubali neno hilo. Kila tulipofika penye kisima swali lake la kwanza aliwauliza akina mama, wala si wenye kamati: "Shida ni ya asubuhi au ya mchana?"

Mimi mwanzoni sikujua kwa nini anauliza hivyo. Baadaye nikaona kwamba swali lile linazo nusu ya habari zote. Kama asubuhi mtu hupiga mpini mara nyingi ndipo maji yatoke, kisha mchana kutwa yanatoka vizuri, basi maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya mabomba yalishuka usiku. Yako mahali yanapovuja: ama vali ya chini haijifungi, ama bomba lina tundu. Kinyume chake, kama asubuhi maji ni tele, na baada ya madumu kadha wa kadha pampu inaanza kutoa hewa na kukohoa, kisha ikipumzishwa inarudi, basi pampu haina kosa lo lote. Kisima ndicho kinachoshindwa kujaza upesi, na uso wa maji unashuka chini ya silinda. Kwa shida ya namna hii ukinunua pampu mpya, hata iwe bora kuliko zote, utapata hewa ile ile. Dawa yake ni kuishusha silinda kwa kuongeza mabomba kama kisima kina kina cha kutosha, au kupanga zamu za kuchota ili kisima kipate kupumzika. Na kama ni asubuhi na mchana vilevile, maji yanakuja mara moja lakini dumu linajaa kwa mapigo 80 au 90, basi ni washa zimelika. Washa ni kitu kidogo, cha bei ndogo, na hakuna sababu ya kuitisha mkutano mkubwa kwa ajili yake.

Kadhalika mpini husema. Ukicheza kushoto na kulia, beringi zake zimelegea. Ukiwa mwepesi ghafula na maji hayaji kabisa, fito zimekatika au zimefunguka, na wepesi wenyewe hueleza mahali: ukiwa mwepesi kama unyoya, zimekatika karibu na juu, ukibaki na uzito, zimekatika chini. Mnyororo ukijikunja wakati mpini unapoinuliwa, pistoni inabanwa silindani na fito haziwezi kushuka upesi. Huonekana hivyo mara nyingine siku za kwanza baada ya kutiwa washa mpya.

Nitaeleza habari ya kijiji kimoja kisicho mbali na kwetu, bila kukitaja jina. Pampu yao ilianza kuchelewa asubuhi. Mtu mmoja muuzaji wa vifaa akawaambia kwamba kichwa kimekwisha kazi. Wakachanga fedha za karanga na mihogo, wakanunua kichwa kipya pamoja na mpini na mnyororo, kikafungwa, kikapakwa rangi ya buluu, kikapendeza kweli. Asubuhi ya pili maji yakachelewa vilevile. Tulipoitwa, Mzee alipiga mpaka maji yakatoka, akakataza mtu asiuguse mpini kwa nusu saa, kisha akahesabu mapigo mpaka maji yalipotoka tena. Yalikuwa 14. Kwa kawaida yakipita 5 baada ya nusu saa, uvujaji ni mkubwa. Akafunga mpini kwa kamba, tukalala pale. Alfajiri akahesabu tena: 14.

Mimi nilidhani yatakuwa 40 au zaidi. Kama vali ya chini ingekuwa mbovu, maji yangeshuka usiku kucha mpaka usawa wa maji ya kisimani. Lakini yalishuka kiasi kile kile cha nusu saa, kisha yakasimama. Maana yake yalishuka mpaka kwenye tundu, na chini ya tundu yakabaki. Tuliketi juu ya jiwe tukafanya hesabu. Bomba la U2 lina kipenyo cha ndani cha milimita 36 hivi, na fito iliyomo ina milimita 12. Nafasi iliyobaki huchukua lita 0.9 katika kila mita moja. Pigo moja ni lita 0.4 kasoro, basi hupandisha maji sentimita 44. Mapigo 14 ni mita 6 na kidogo. Mabomba ni ya mita 3, kwa hiyo tundu lilikuwa karibu na mwisho wa bomba la pili. Tukavuta. Kwenye maungio ya bomba la pili na la tatu, meno ya skrubu yalikuwa yameliwa na kutu mpaka kidole kiliweza kupita. Bomba moja! Kichwa chao cha zamani kilikuwa kimelala nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, na tulipokikagua hakikuwa na kasoro ila beringi.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa pampu hizi. Mabomba mengi ya zamani ni ya chuma kilichopakwa zinki. Pale ambapo maji ya ardhini yana asidi kidogo, yaani pH yake iko chini ya 6.5, zinki huyeyuka pole pole, na ikiisha, chuma huliwa upesi. Dalili yake kila mpishi aijua: maji ya kwanza ya asubuhi ni mekundu na yana ladha ya msumari, nguo nyeupe hupata madoa, na chai hugeuka rangi ikawa nyeusi kama wino, kwa kuwa chuma huungana na tanini iliyo katika majani ya chai. Watu hukikimbia kisima cha namna hii na kurudi kinamasini, ijapokuwa wekundu si vijidudu, na maji ya kinamasi yanavyo. Siwalaumu, maana nani apendaye kumpikia mgeni wali wa rangi ya matofali? Lakini hasara ni yao.

Walakini si kila wekundu hutoka kwenye mabomba. Nchi nyingine zina chuma ardhini, na hapo kubadilisha mabomba ni kazi bure. Jaribio ni rahisi. Chukua chupa ya kioo, ujaze maji ya kwanza ya alfajiri. Kisha pampu ipigwe mfululizo kwa saa moja au mbili, vijana wakipokezana na watu wakijaza madumu yao kama kawaida, halafu jaza chupa ya pili. Ukiweka chupa mbili juani na ya pili ni safi, hata baada ya kukaa, basi wekundu umetoka kwenye chuma kilichokaa na maji usiku kucha: mabomba yanakufa. Zikiwa sawa kwa rangi, ni ardhi yenyewe, na hapo wa kuitwa ni mtu wa maji wa wilaya.

Basi ni lini tuseme kubadilisha badala ya kutengeneza? Mabomba yakivutwa, kila moja ligongwe kwa nyundo ndogo na kusikilizwa. Zima hulia, lililolika hutoa sauti kama ya kopo. Meno ya skrubu yatazamwe kwa uangalifu kuliko mwili wa bomba, maana hapo chuma ni chembamba. Likiwa bovu moja katika kumi, badilisha hilo. Yakiwa mabovu matatu au manne, sioni faida ya kuyarudisha mengine, kwani yana umri mmoja na yamekaa katika maji yale yale. Mwaka ujao mtavuta tena. Na hatari si kupoteza maji tu. Kisima ambacho silinda yake iko mita 30 chini hubeba mabomba kumi, ambayo pamoja na fito na maji yaliyomo yana uzito wa zaidi ya kilo 100. Uzito huo wote umeshikwa na meno ya lile bomba la juu. Likikatika, mzigo wote huanguka kisimani, na kuutoa huhitaji vyombo ambavyo mafundi wengi hawanavyo. Nimeona kisima kizuri kilichoachwa kwa sababu hiyo tu.

Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya chuma kilichopakwa zinki katika visima vipya na vile vinavyofanywa upya. Kwa hiyo kamati inayonunua mabomba isikubali kuuziwa yale ya zamani kwa bei nafuu. Yapo ya plastiki ngumu na yapo ya chuma kisichoshika kutu. Tena msichanganye chuma kisichoshika kutu na kile cha zinki katika kisima kimoja. Wale waliosoma habari za betri watafahamu: madini mawili mbalimbali yakigusana ndani ya maji, moja huliwa kwa ajili ya jingine, na atakayeliwa ni yule wa zinki.

Kichwa chenyewe hudumu sana. Kibadilishwe ikiwa kimepasuka mahali mpini unapokaa, au miguu yake iliyozikwa katika saruji imeliwa na kutu hata kinatikisika. Hapo msipoteze siku, kwani kichwa kinachotikisika huipasua saruji iliyokizunguka, na maji machafu yaliyomwagika, yaliyokanyagwa na miguu ya watu na mbuzi, hupenya katika nyufa na kurudi kisimani. Pampu yaweza kutoa maji tele na safi kwa macho huku inawanywesha watu uchafu wao wenyewe. Mimi naona dalili hii ni mbaya kuliko zote, nayo ndiyo isiyolalamikiwa na mtu, kwa kuwa dumu linajaa.

Kuna jambo jingine juu ya wakati wa kupima. Katika Marekani nyumba nyingi zina chumba chini ya ardhi, na katika sakafu yake hufanywa shimo lenye pampu ya umeme, ya kutoa maji yanayoingia wakati wa mvua au theluji inapoyeyuka. Kazi yake ni kinyume cha yetu, wao wanayafukuza maji nasi twayatafuta, ila shida ni moja: pampu yao hukaa kimya miezi mingi, na mwenye nyumba hugundua kwamba imekufa siku ile maji yamefika magotini. Kwa hiyo wenye akili humwaga ndoo ya maji shimoni kabla ya majira ya mvua, waone kama itaamka. Sisi nasi tupime kabla ya kiangazi. Kwetu Teso jua kali huanza Desemba hata Machi, basi mwezi wa Novemba wafaa kwa kuhesabu mapigo na kugonga mabomba, wakati bado kuna maji mengine ya kufulia na fundi hajaitwa na vijiji kumi kwa siku moja.

Wenye pampu ya U3 wana nafuu. Mabomba yake ni mapana kuliko pistoni, hivyo fito na pistoni hutolewa juu bila kung'oa mabomba, na washa hubadilishwa na watu wawili watatu kabla ya chakula cha mchana. Kwa U2 lazima mabomba yote yapande, kazi ya siku nzima na vijana wenye mikono. Kwa sababu hiyo, mkikwisha kuvuta mabomba ya U2 kwa shida yo yote, badilisheni washa hata kama hazijaisha. Ni upumbavu kurudisha mzigo ule wote juu ya mpira wa zamani.

Kisima kikikwisha kufungwa, kitiwe dawa ya klorini, kiachwe usiku kucha bila kuchotwa, kisha maji yapigwe na kumwagwa mpaka harufu iishe. Halafu, kabla fundi hajaondoka, jazeni dumu moja kwa mapigo kamili mkihesabu kwa sauti. Mwandishi wa kamati aandike hesabu hiyo pamoja na tarehe, idadi ya mabomba, na kina cha silinda. Kijiji kile cha kichwa cha buluu kilipata 52. Daftari lao linakaa kwa mama mmoja ambaye nyumba yake iko karibu na kisima, na kila mwezi mpya yeye na binti zake huhesabu tena. Nilipopita likizo iliyopita walikuwa wamefika 56, naye alikuwa amekwisha kumwagiza mwenyekiti alete washa.